Kilo Chini ya Sifuri: Kulijibu Swali la Mtoto

Miaka mingi iliyopita nilikuwa nikifundisha namba hasi katika darasa la sita, katika shule moja iliyo karibu na njia ya reli itokayo Kilosa kwenda Mikumi na Kidatu. Nilikuwa nimekwisha kuuchora mstari wa namba ubaoni pale mtoto mmoja wa kike aliponyosha mkono akauliza, "Mwalimu, je, kipo kitu chenye kilo hasi tatu?" Darasa zima likacheka, nami, kwa aibu yangu, nikacheka nao. Mtoto yule hakunyosha mkono tena hadi mwaka ulipokwisha. Baadaye ndipo nilipojua kwamba swali lake limewashughulisha wataalamu wakubwa wa fizikia.

Mwalimu atakayeulizwa hivyo hana budi kwanza kutenganisha hasi za namna mbili.

Hasi ya kwanza hutokana na mahali tulipochagua kuweka sifuri. Mji wa Kilosa uko kiasi cha mita 500 juu ya usawa wa bahari, na Dodoma kiasi cha mita 1,100. Tukiiweka sifuri baharini, behewa lililosimama Kilosa lina nishati chanya kwa sababu ya kimo chake. Tukiihamisha sifuri hadi Dodoma, behewa lile lile lina nishati hasi: kila tani ya mzigo imepungukiwa jouli milioni 6, yaani kilo 1,000 mara 10 mara mita 600. Behewa halikuguswa, kilichohama ni sifuri. Nishati hasi ya namna hii ni deni tu, na injini hulilipa kwa kupanda bonde la Mkondoa.

Hasi ya pili ndiyo aliyoiuliza mtoto. Tungamo ni kile kinachokifanya kitu kiwe kigumu kusukumwa. Mwaka 1905 Albert Einstein alionyesha kwamba tungamo na nishati ni kitu kimoja chenye sura mbili. Hapa basi sifuri haihamishwi kwa kupenda kwetu. Kama kingekuwapo kitu chenye tungamo hasi, ungekisukuma kikakujia badala ya kukukimbia. Mwaka 1957 Hermann Bondi, mtaalamu wa hisabati aliyefanya kazi Uingereza, alieleza ajabu kubwa zaidi. Weka tungamo chanya na tungamo hasi zilizo sawa kwa ukubwa, kandokando. Hasi humsukuma chanya, naye chanya hukimbia. Chanya naye huvutwa na kumfuata? La, ni hasi anayemfuata chanya, maana kila asukumwapo huenda kinyume. Wote wawili hukimbia kwa kasi inayozidi daima bila kuni wala mafuta, na jumla ya nishati yao hubaki sifuri. Wachezesheni watoto wawili jambo hili uwanjani. Watalielewa upesi kuliko kwa maneno.

Jihadharini na mifano ya uongo. Povu lipandalo katika bilauri ya maji halina tungamo hasi. Limesukumwa juu na maji yaliyo mazito kuliko lenyewe. Antimata nayo ilidhaniwa na baadhi ya watu kuwa huenda ikaanguka kuelekea juu, lakini jaribio lililotangazwa mwaka 2023 huko CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, lilionyesha kwamba atomu za antihaidrojeni huanguka chini kama jiwe.

Je, nishati iliyo chini ya ombwe tupu ipo kabisa? Kwa kiasi kidogo mno, ndiyo. Mholanzi Hendrik Casimir alitabiri mwaka 1948 kwamba bamba mbili za chuma zilizokaribiana sana katika ombwe zitavutana, kwa kuwa nishati iliyo kati yake imepungua kuliko ile ya nje. Mvuto huo ulipimwa barabara mwaka 1997. Mwaka 1994 Miguel Alcubierre wa Meksiko alibuni kwa hesabu chombo cha kuipita kasi ya nuru, ila chahitaji nishati hasi nyingi ambayo hakuna ajuaye pa kuipata.

Kwa hiyo jibu nililopaswa kumpa mtoto yule ni fupi: "Hakuna aliyepata kukiona kitu hicho, na hesabu hazijakikataza. Njoo ubaoni, tuone kingefanya nini tukikisukuma."