Nyasi za Uwanjani Zisiingie Katika Chai

Mtu apitaye Litein na vijiji vya karibu huona nyumba nyingi zenye uwanja wa nyasi mbele yake, na nyuma au kando yake shamba la chai. Nyasi hizo mara nyingi ni zile ziitwazo nyasi za Kikuyu. Hupendeza macho, huzuia matope mlangoni wakati wa mvua, na ng'ombe huzila kwa furaha. Si kosa kuzipanda. Lakini yampasa mwenye nyumba kuzijua tabia zake, kwa maana kati ya uwanja na chai huenda pana hatua chache tu.

Nyasi hizi si ngeni. Asili yake ni nchi za juu za Afrika ya Mashariki, nazo zilipata jina lake kwa Wakikuyu, ambao katika nchi yao humea sana. Hupenda ubaridi kiasi, mvua nyingi na udongo wenye rutuba, na hayo yote yapo tele katika Kericho na Bomet. Wataalamu wa mimea walizipa jina la Kilatini lenye maana ya kitu kilichofichika, kwa kuwa maua yake hujificha ndani ya majani, hata mtu aweza kukaa nazo miaka mingi asiyatambue.

Nguvu yake imo katika mashina. Mengine hutambaa juu ya ardhi, mengine hupita chini yake, na penye kila fundo hutoka mizizi na chipukizi. Basi mtu azikatakataye kwa jembe la kawaida hakuziua, bali amezipanda. Kipande chenye fundo moja chatosha kuanza upya, ardhi ikiwa na unyevu. Mbegu nazo huweza kupita katika tumbo la ng'ombe zisife, na kwa hiyo samadi mbichi yaweza kuzifikisha shambani.

Nchi nyingine zimekwisha kuyaona mambo haya. Mwaka 1919 mbegu zake zilipelekwa Australia kutoka Kongo, na huko wafugaji wengi huzisifu hata leo. Katika California, Marekani, zilipandwa mnamo mwaka 1918 ili zishike udongo wa kingo za mifereji. Hazikukaa kingoni. Sasa serikali ya Marekani imeziandika katika orodha ya magugu mabaya.

Chai iliyokomaa haiziogopi sana. Matawi yake yakisha kukutana hufanya kivuli kizito, na nyasi hizi hazipendi kivuli. Hatari ni kwa miche michanga. Iliyopandwa kwa nafasi ya futi 4 kwa futi 2 na nusu huacha ardhi wazi katikati, yenye jua na mbolea, nazo nyasi hujikaribisha hapo. Hunywa maji ya mche na kula mbolea iliyonunuliwa kwa fedha, na mche hudumaa. Mkulima akichelewa, mashina hufumana na mizizi ya chai, na kuyachimba ni kuikata mizizi hiyo. Dawa ya kuua magugu nayo ikigusa majani ya mche huudhuru au huuua kabisa. Aliyetumaini kuchuma katika mwaka wa tatu huenda akangoja zaidi, na karo za watoto hazingoji.

Kwa sababu hiyo, kazi iliyo rahisi ni ile ya mpakani. Uchimbwe mtaro mwembamba kati ya uwanja na shamba, wenye kina cha futi moja hivi, na uachwe wazi. Mashina yatakayouvuka yakatwe mara yaonekanapo. Wakati wa mvua yafaa kuutazama kila juma, kwani mtaro uliosahauliwa hugeuka daraja. Nyasi zilizokatwa zisitupwe kwenye chai wala kwenye shimo la mboji zikiwa mbichi. Apewe ng'ombe, au zianikwe juu ya mawe au bati mpaka zikauke kabisa. Zilizokwisha kuingia shambani zing'olewe kwa jembe lenye meno, ambalo huinua shina zima bila kulikata, na vipande viokotwe kwa mkono.

Wako pia wapendao nyasi ndefu zenye mashuke kama manyoya, kama vile pampas ya Amerika ya Kusini. Hizo hazitambai, mbegu zake hupeperushwa na upepo, na katika New Zealand na Afrika ya Kusini zimekuwa magugu. Mtu akizitaka, ayakate mashuke kabla hayajakauka.

Jirani naye asisahauliwe. Nyasi zilizopandwa kwenye ukingo wa shamba hazijui mpaka wa ardhi ya mtu, na ugomvi wa namna hii umewafikisha watu wengi mbele ya wazee. Zikiachwa hatua tatu au nne ndani ya mpaka, mwenye nyumba hupata nafasi ya kuyakata mashina kabla hayajafika kwa mwenzake.