Moshi wa Plastiki Jikoni

Akina mama, hapa kwetu Bukoba na Muleba, kuni zikiwa mbichi wengi wetu huchochea moto kwa kipande cha plastiki. Plastiki nyingine zikiungua hutoa sumu iitwayo dioksini, ambayo hukaa mwilini miaka mingi. Mwaka 1993 watafiti wa Marekani walieleza kuwa kima majike waliolishwa dioksini walipata zaidi endometriosi, yaani utando kama ule wa ndani ya mji wa mimba kuota nje yake. Kwa wanawake bado haijathibitishwa. Lakini mwenzetu anayegaagaa kwa maumivu kila mwezi, huku akiitwa tasa, huenda ni mgonjwa, tumsindikize hospitali. Na moto tuuwashe kwa majani makavu ya migomba.