Shawa Tatu, Pampu Moja: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa

Ni saa kumi na mbili asubuhi. Mtoto yuko bafuni, amejaa sabuni. Wewe unafungua shawa ya pili, na yake inabaki matone tu. Wengi wetu hapo tunakimbia dukani kuitisha "pampu kubwa". Kabla hujatoa pesa, tupige hesabu pamoja.

1. Shawa ngapi hufunguliwa kwa wakati mmoja?
Shawa ya kawaida hutumia takriban lita 10 kwa dakika. Tatu zikifunguliwa pamoja, hizo ni lita 30.

2. Maji yanapanda mita ngapi?
Kila mita 10 za kimo ni kama bar 1 ya presha. Ndiyo maana tangi lililo mita 2 tu juu ya shawa hutoa maji ya kuchuruzika. Tuseme tangi lako liko chini na bafu liko ghorofani, mita 6 juu. Ongeza mita 10 ili shawa ipate bar 1, kisha mita 4 za nguvu inayopotea kwenye mabomba na kona. Jumla ni mita 20.

Kwa hivyo unatafuta pampu ya kutoa lita 30 kwa dakika ikisukuma mita 20.

3. Soma kibandiko vizuri
Hapa ndipo pesa hupotea. Pampu imeandikwa "Q max 40 l/min, H max 40 m", nawe unaona inatosha na kubaki. La! Namba hizo mbili hazipatikani pamoja. Lita 40 hutoka pampu ikiwa haipandishi maji. Kwenye mita 40, hakuna hata tone linalotoka. Pampu ndogo ya aina hii, ikifika mita 20, inaweza kubaki na kama lita 20 tu. Hizo ni shawa mbili, sio tatu. Usiulize HP peke yake. Mwambie muuzaji akuonyeshe jedwali la lita kwa kila kimo.

4. Ifungwe wapi?
Pampu ivute maji kutoka kwenye tangi, sio moja kwa moja kwenye bomba la kampuni ya maji. Ukivuta huko unawanyima majirani, na uchafu unaweza kunyonywa ndani. Weka pia swichi ya kuizima tangi likikauka, la sivyo itaungua.

5. Lipa kwa usalama
Ukilipa kwa till, hakikisha jina linalotokea kwenye simu ni la duka hilo kabla ya kuthibitisha malipo. Usifute ujumbe wa malipo; utakufaa ukidai waranti, pamoja na risiti.

Kwa fundi, kubalianeni mapema kwamba salio litalipwa kazi ikikamilika. Siku hiyo, fungua shawa zote tatu kwa pamoja. Zikitoa maji vizuri, mtumie fundi pesa zake.