Kuzuia Kelele za Umeme katika Kusikiliza Mawimbi Marefu

Wengi wenu mwaijua shida ya mtu aketiye mbele ya redio yake jioni akitaka kusikia habari, naye hasikii ila mkwaruzo, mngurumo, na mlio kama wa nyuki mzingani. Leo twataka kueleza kelele hizo zatoka wapi, na jinsi ya kuzipunguza. Mifano yetu mingi tutaitoa kwa watu wasikilizao mawimbi marefu sana, maana hao ndio wasumbuliwao na kelele kuliko wote, na dawa wazitumiazo zaweza kutufaa na sisi.

SALAMU KUTOKA GRIMETON

Katika nchi ya Uswidi, karibu na mji wa Varberg, kuna kituo cha zamani cha simu ya upepo kiitwacho Grimeton. Kilijengwa katika miaka ya 1922 hadi 1924, ili watu wa nchi ile wapate kupeleka simu Marekani pasipo kutegemea nyaya zilizolazwa chini ya bahari. Kina milingoti sita ya chuma, na kimo cha kila mmoja ni meta 127. Mashine yake ilibuniwa na Ernst Alexanderson, mzaliwa wa Uswidi aliyefanya kazi Marekani. Ndani yake mna gurudumu la chuma lizungukalo kwa kasi kubwa, na mzunguko huo ndio uletao mawimbi. Kati ya mashine za namna ile, hii ndiyo pekee iliyobaki ikiweza kufanya kazi, na mwaka 2004 UNESCO ilikitia kituo hicho katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kwa kawaida mashine hiyo huwashwa siku chache tu katika mwaka, hasa mwanzoni mwa Julai na asubuhi ya mkesha wa Krismasi. Hupeleka salamu fupi kwa alama za Morse, kisha hunyamaza. Watu wa nchi nyingi huzingoja salamu hizo. Lakini yule ambaye nyumba yake imejaa kelele za umeme hungoja mwaka mzima, na saa ifikapo hasikii hata alama moja. Yamempita, wala hapana wa kumrudishia.

MAWIMBI MAREFU NI NINI?

Mawimbi ya redio huenda kilometa 300,000 kwa sekunde moja. Mawimbi ya Grimeton hutetemeka mara 17,200 kwa sekunde, yaani kilohezi 17.2. Basi ukigawanya hesabu ya kwanza kwa ya pili utaona ya kuwa urefu wa wimbi moja wapata kilometa 17 na nusu.

Tena wako watu wa redio ya ridhaa, yaani wale wafanyao kazi ya redio kwa kuipenda tu, pasipo ujira, kwa ruhusa ya serikali zao. Mwaka 2007 mkutano wa mataifa uliokutana Geneva uliwakubalia watu hao kutumia mawimbi yaliyo kati ya kilohezi 135.7 na 137.8, na mwaka 2012 ukawaongezea yaliyo kati ya kilohezi 472 na 479. Lakini katika yale ya kwanza, nguvu iruhusiwayo kutoka katika antena ni wati moja tu. Hiyo ni nguvu ya tochi ndogo, nayo yatakiwa isikiwe ng'ambo ya bahari. Twaona basi ya kuwa msikilizaji hana sauti kubwa ya kutegemea. Tegemeo lake ni utulivu.

KELELE ZATOKA WAPI?

Kelele ni za aina mbili. Aina ya kwanza yatoka mawinguni. Kila radi ipigayo ni kama kituo cha redio kisicho na adabu, nayo husikika mbali sana katika mawimbi marefu, hata maelfu ya kilometa. Bonde la Kongo na Ziwa Viktoria ni miongoni mwa mahali penye radi nyingi kupita kote duniani. Kelele za aina hii mwanadamu hawezi kuzizima. Aweza tu kuchagua wakati: asubuhi, kabla mawingu ya mchana hayajajijenga, huwa pana nafuu; na katika nchi za kaskazini wakati wa baridi huwa mtulivu kuliko wakati wa joto.

Aina ya pili yatokana na vyombo vyetu wenyewe, na hii ndiyo tuiwezayo. Zamani wenye makosa walikuwa mota, dainamo na nyaya zilizolegea. Siku hizi wameongezeka wengine: chaja za simu, taa za LED, kompyuta, na vyombo vya kuongoza umeme wa jua. Vyombo hivyo hubadili umeme kwa kuukata na kuuunga tena mara elfu nyingi kwa sekunde. Na kila umeme ukatwapo ghafula hivyo, huzaa mawimbi ya hesabu ile, na ya mara mbili yake, na mara tatu, na kuendelea. Mathalan, chaja ikatayo umeme mara 68,000 kwa sekunde, mtoto wake wa pili huangukia 136,000, yaani katikati ya mawimbi ya watu wa ridhaa. Tena umeme wa mijini hutetemeka mara 50 kwa sekunde. Basi 50 mara 344 ni 17,200, ndiyo hesabu ya Grimeton yenyewe. Ndiyo maana mtu aliye karibu na nyaya zenye kelele hupata taabu sana kuisikia.

USIONGEZE SAUTI, ONDOA KELELE

Watu wengi wapatapo shida hii hufanya jambo moja: hurefusha waya wa antena, au hununua chombo cha kuongeza nguvu. Hili ni kosa. Mtu akinong'ona sokoni, nawe ukaweka tarumbeta sikioni ili umsikie, mnong'ono utakua, lakini makelele ya soko yatakua pamoja nao. Lililo bora ni kutoka sokoni. Katika mawimbi marefu, antena ndogo iliyowekwa mahali patulivu hushinda antena kubwa iliyopita juu ya kelele.

KUMTAFUTA MKOSAJI

Kwanza, tumia redio iendeshwayo kwa betri. Ifungulie mahali pasipo na kituo, usikilize kelele. Kisha zima swichi kuu ya umeme wa nyumba. Kelele zikikoma, mkosaji yumo ndani ya nyumba yako. Washa tena swichi, uchomoe plagi moja baada ya moja, na kila mara usikilize. Usiridhike na kuzima chombo kwa kitufe chake, maana vyombo vingi huendelea kufanya kazi maadamu vimo katika soketi. Mwenye umeme wa jua na ajaribu vilevile kwa kufunika paneli au kungoja usiku: kelele ianzayo na mapambazuko na kukoma jua likichwa yajitaja yenyewe.

Zikiwa hazikukoma, basi zatoka nje. Chukua redio ndogo ya mkononi yenye kijiti cheusi cha feraiti ndani, ambacho kwa kawaida hulala kwa urefu wa redio. Igeuze polepole. Kelele zitakapofifia kabisa, ncha ya kijiti imeelekea zitokako, upande huu au upande ule. Fanya hivyo mahali pawili au patatu, na mistari yako itakapokutana ndipo penye mkosaji. Huenda ukamkuta katika taa ya jirani. Hapo heri kwenda kwa upole. Mpigie hodi, umsikilizishe redio yako, umwombe azime taa dakika moja asikie tofauti. Jirani aliyesikia kwa masikio yake hukubali upesi kuliko aliyeshutumiwa. Na kama mkosaji ni nguzo au waya wa umeme wa barabarani, wape habari wenye kazi hiyo. Usipande nguzo wala usiipige, kwani ni kutafuta mauti.

KUZIBA NJIA ZA KELELE

Akiisha kujulikana mkosaji, dawa ya kwanza ni kumbadilisha au kumzima wakati wa kusikiliza. Ikiwa hapana budi afanye kazi, tumzibie njia. Kelele hutembea juu ya waya wa chombo kama siafu juu ya kamba. Basi chukua pete ya feraiti, upitishe waya wa chaja ndani yake mara nyingi, huku nyuzi zake zote zikienda pamoja. Kizuizi hicho hukua kwa kipeo cha pili cha idadi ya mizunguko: mizunguko miwili huzuia mara nne kuliko mmoja, na kumi huzuia mara mia. Kwa hiyo kipande cha kubana juu ya waya mara moja tu, kama viuzwavyo madukani, hakitoshi kwa mawimbi marefu.

Njia nyingine ya kelele ni waya utokao katika antena kuingia ndani. Kelele za nyumba hutoka kwa waya huo hata antena, kisha hurudi pamoja na sauti tuitakayo. Dawa yake ni transfoma ndogo yenye koili mbili zisizogusana, moja ya upande wa antena na moja ya upande wa redio. Sauti yapita kwa nguvu ya sumaku, lakini kelele zisafirizo juu ya waya hukatiwa njia. Upande wa antena uwe na chuma chake pekee kilichopigwa ardhini, mbali na nyumba. Lakini twaonya: usikate kamwe waya wa ardhini wa umeme wa nyumba, kwani huo ndio mlinzi wa maisha yako. Wala antena isipite karibu na nyaya za umeme, na mvua ya radi ikikaribia, ichomoe.

FAIDA YA UMBALI

Katika mawimbi marefu umbali hutusaidia sana. Nguvu ya sumaku itokayo katika chombo kidogo hupungua kwa kipeo cha tatu cha umbali. Ukiihamisha antena kutoka meta 5 hadi meta 10, kelele zake hubaki sehemu moja ya nane. Na ukifika meta 20, hubaki sehemu moja ya 64. Nyaya ndefu za umeme hazipunguzi kelele upesi hivyo, lakini hata hizo zafaa kukimbiwa.

Antena ifaayo kuwekwa mwisho wa shamba ni ya fremu. Funga mbao mbili msalaba, kila moja yapata meta moja, uzungushe juu yake waya uliovikwa, mara 20 hivi, uongeze na kapasita ya kuichagulia mawimbi. Fremu hii ina tabia njema: hugeuka. Ubavu wake mwembamba ukielekea mtoa sauti, husikia sana. Uwazi wake ukimwelekea kama dirisha, huwa kiziwi. Tena pembe ya uziwi ni nyembamba na pembe ya kusikia ni pana. Kwa hiyo waweza kumpa mkosaji uziwi wote, na sauti uitakayo isipungue ila kidogo, maadamu hawapo upande mmoja.

FAIDA YA SUBIRA

Iko dawa ya mwisho, nayo ni kusema polepole. Kelele huingia kwa kadiri ya upana wa mlango. Sauti ya mazungumzo huhitaji mlango wa mitetemo 3,000 hivi. Lakini alama ya Morse ipelekwayo polepole kabisa, nukta moja ikichukua sekunde kadha, hupita katika mlango wa mtetemo mmoja, na kelele ziingiazo ni sehemu moja ya 3,000. Mwaka 2008 Joe Taylor wa Marekani alitoa njia iitwayo WSPR, ambayo kwayo ujumbe mfupi huchukua karibu dakika mbili, na kompyuta huutambua hata sikio lisiposikia kitu. Bwana huyu alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1993 pamoja na Russell Hulse, kwa kuvumbua nyota mbili zizungukanazo, mojawapo ikitoa mawimbi ya redio hafifu mno. Aliyezoea kusikiliza nyota alijua thamani ya subira.

Basi, wasomaji wetu, huenda hamna haja na Grimeton. Lakini mwenye redio ya mawimbi ya kati, aitakaye habari ya bei za mazao au ya mvua, aweza kuyafanya haya leo jioni: achomoe chaja, aigeuze redio, aipeleke hatua kumi mbali na taa. Na mwanafunzi na aandike katika daftari kelele zilianza saa ngapi na zilikoma saa ngapi, kwani daftari hilo litamwonyesha mkosaji kabla hajatumia hata senti moja. Kwa leo tukomee hapa. Kwaherini.