Moto Mkali kwa Kazi Ndogo

Tukizungumza juu ya kuni tumezoea kuuliza zimetumika ngapi. Leo tunaongeza swali lingine: moto wake umefanya kazi gani?

Moto wa kuni hupita digrii 600. Maji ya kuoga yanataka 40 hivi. Hata jiko likiwa zuri, hapo tumetumia moto mkali kwa kazi hafifu. Wataalamu hupima uwezo wa nishati kufanya kazi, nao huuita eksaji, neno lililotungwa mwaka wa 1956 na Zoran Rant, mhandisi wa Slovenia. Fikirieni maji ya mlimani. Yakishateremka bondeni ni yale yale, hayakupungua, lakini kinu hayawezi kukizungusha tena. Joto nalo ni hivyo: halipotei, linatawanyika, na uwezo wake unakwisha.

Stima ni uwezo mtupu. Ukiitumia kupasha maji kutoka digrii 20 hadi 40, katika kila sehemu 100 za uwezo huo zinabaki kama 3 tu ndani ya maji. Na bili unalipa ya zote 100!

Kwa hiyo vikundi vinavyochanga pesa za sola tunaomba visikimbilie. Paneli hugeuza kama sehemu moja kwa tano ya mwanga wa jua kuwa stima. Stima hiyo ni ya taa, simu na redio. Kuirudisha tena ipashe maji ya kuoga ni hasara. Afadhali tangi jeusi ndani ya sanduku lenye kioo, liwekwe juani. Fundi wa kwetu analiweza, mradi mlifunike vizuri usiku.

Huko Menengai, Nakuru, shirika la GDC limejaribu kutumia maji moto ya visima vya mvuke kwa nyumba za mimea, mabwawa ya samaki na maziwa. Mvuke mkali unaachiwa mitambo ya stima. Wafugaji wajue kwamba kuua viini vya maziwa kunahitaji digrii 63 kwa nusu saa, basi.

Nyumbani, makaa yanayobaki baada ya ugali yatoshe kupasha maji ya watoto. Na githeri iliyolowekwa usiku, ikishatokota vizuri, haitaki moto tena, inataka tu isipoe. Ifunikeni, muiweke sufuria kwenye kikapu kilichojaa matambara, mwende shambani.