Kuzaliwa kwa Mpichi Mpya: Kutoka Chavua hadi Maelezo

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Hata hivyo, methali hii hupungua nguvu katika shamba la mzalishaji wa miti ya matunda. Humo, mti mwema usioelezwa kwa maneno mahususi hauhesabiwi kuwa aina mpya. Makala haya yanafafanua namna aina mpya ya mpichi, ambao kamusi huuita pia mfyulisi, inavyozalishwa na inavyoelezwa.

Uzalishaji

Ua la mpichi lina viungo vya kiume na vya kike pamoja, na aghalabu hujichavusha lenyewe. Kwa hiyo mzalishaji huziondoa stameni za ua la mti mama kabla halijachanua, kisha hupaka chavua ya mti baba kwenye stigma. Tunda likishaiva, mbegu huwekwa penye baridi na unyevu kwa majuma kadhaa ili iweze kuota. Mche nao husubiriwa takribani miaka mitatu kabla ya kuzaa.

Ikumbukwe kwamba miche ya mama mmoja na baba mmoja haifanani, kama wasivyofanana ndugu wa tumbo moja. Mzalishaji huonja, hupima na kung'oa. Kati ya mamia ya miche huenda akabakiza mmoja tu. Mche huo huendelezwa kwa kubebesha macho yake juu ya shina la mti mwingine, kwani kokwa yake ikipandwa huleta mti tofauti.

Mfano maarufu ni Redhaven, mpichi uliozalishwa na Stanley Johnston katika kituo cha utafiti cha South Haven, Michigan, nchini Marekani, kwa kupandanisha Halehaven na Kalhaven. Ulitolewa kwa wakulima mwaka 1940. Matunda yake mekundu, yenye nyama ngumu ya manjano, yalienea mno hata wakati wa kuiva kwake ukawa kipimo: pichi nyingine husemwa kuwa zinatangulia au kufuata Redhaven kwa siku kadhaa.

Maelezo

Umoja wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea, UPOV, uliundwa mwaka 1961. Kenya ilijiunga nao mwaka 1999 na Tanzania mwaka 2015. Ili aina mpya ilindwe, sharti ipambanuke na kila aina inayojulikana, miti yake ifanane, na sifa zake zisibadilike inapoendelezwa. Jina lake nalo lisipotoshe wala lisigongane na la aina nyingine.

Hapa ndipo lugha inapoingia. Kusema kwamba tunda ni kubwa na tamu hakutoshi, kwani kila mwenye shamba husema hivyo. Maelezo ya aina hayana nafasi ya majigambo. Yanauliza: Je, petali ni pana au nyembamba? Tezi zilizo kwenye kikonyo cha jani ni za mviringo au zina umbo la figo? Nyama ni nyeupe au ya manjano? Kokwa hubanduka kwa urahisi au imegandamana na nyama? Ngozi ina malaika, yaani vinyweleo laini, au ni nyororo kama ya nektarini? Kila jibu hulinganishwa na aina iliyo karibu nayo zaidi.

Uzito wa kazi hii ni dhahiri. Chini ya mkataba wa UPOV wa mwaka 1991, haki ya mzalishaji wa miti hudumu kwa muda usiopungua miaka 25. Lakini iwapo maelezo hayaonyeshi tofauti yoyote na mti unaojulikana tayari, haki hiyo haitolewi, na jasho la miaka mingi huenda bure.

Hitimisho

Imebainika kwamba mpichi mpya huzaliwa mara mbili: kwanza shambani, kisha katika maneno. Kiswahili tayari kina kokwa, tezi, kikonyo, chavua na malaika. Linalosalia kwa wanaistilahi ni kuafikiana kwamba kila neno litaje kitu kimoja tu, ili mkulima wa nyanda za juu asomapo maelezo ya mche anaouziwa aweze kuutambua shambani. Akisoma maneno yenye utata, atapanda asichokijua, na atakuja kugundua baada ya miaka mitatu.