Hodi kwa Mlima: Waapache na Dunia Iliyo Chini ya Mwamba

Katika milima ya Guadalupe, mpakani mwa New Mexico na Texas, Waapache wa Mescalero husimulia habari za vijana wawili walioachwa nyuma. Mmoja alikuwa haoni, mwingine hawezi kutembea. Jamaa zao walikuwa wakihama mbiombio, adui yu karibu, na hapakuwa na wa kuwabeba. Wakaachiwa chakula na maji ndani ya pango. Akiba ilipokaribia kwisha, wakatokewa na Gahe, watu wanaoishi ndani ya mlima. Gahe wakawachezea ngoma. Asiyeona akaona, asiyetembea akasimama. Kisha mwamba ukafunguka, wakapita ndani kwa ndani hadi upande wa pili, wakawafuata jamaa zao wakiwa wazima. Walirudi na zawadi moja: ile ngoma iliyowaponya.

Ngoma hiyo haijafa. Kila Julai huko Mescalero wali huchezwa unyago kwa siku nne, na giza likiingia hutokea wachezaji waliofunika nyuso, mataji marefu ya mbao vichwani, wakauzunguka moto. Kwa wazee wanaotazama, mlima umekuja kuwabariki mabinti zao.

Tuwafuate vijana wale wawili ndani ya mwamba, hadithi mkono mmoja, jiolojia mkono wa pili. Hadithi haikutabiri kemia, na kemia haiwezi kuifuta hadithi. Lakini zote mbili, kila moja kwa njia yake, zimefika kwenye mlango uleule na kujifunza kubisha hodi.

Mwamba wa bahari katikati ya ukame

Takriban miaka milioni 265 iliyopita, mahali palipo milima ya Guadalupe palikuwa ukingo wa bahari ya joto. Sponji na mwani walijenga hapo mwamba mrefu, jinsi matumbawe yanavyojenga miamba ya pwani za leo. Bahari ikakauka, mwamba ukafukiwa, kisha ardhi ikauinua tena hadi ukawa milima ya chokaa. Leo hapo ni nchi ya mikonge na miiba. Waapache walioka mioyo ya mimea jamii ya mkonge katika mashimo ya mawe yaliyopashwa moto, na mabaki ya meko hayo yangali yanaonekana karibu na mlango wa pango la Carlsbad. Jina Mescalero limetokana na chakula hicho, mescal.

Mapango mengi duniani huchongwa na mvua. Maji hupita udongoni, huchukua kaboni dioksidi, huwa asidi dhaifu, na kuyeyusha chokaa kidogo kidogo kutoka juu kwenda chini. Guadalupe ilichongwa kutoka chini kwenda juu. Chini ya bonde la jirani mna mafuta na gesi, na humo hutoka haidrojeni salfaidi, gesi inayonuka kama yai viza. Gesi hiyo ilipanda kupitia nyufa, ikakutana na maji yenye oksijeni, ikageuka kuwa asidi ya salfa, ileile inayotiwa kwenye betri za magari. Asidi ikaula mwamba, ikaacha kumbi ambazo macho hayazoei haraka. Ukumbi Mkubwa wa Carlsbad una eneo la zaidi ya mita za mraba 33,000.

Mwaka 1998 Victor Polyak na wenzake walichapisha umri wa mapango hayo katika jarida la Science. Walipima alunaiti, madini yanayoundwa asidi ile inapokutana na udongo wa mfinyanzi. Ndani ya alunaiti mna potasiamu, na sehemu yake hugeuka kuwa agoni kwa mwendo usiobadilika, hivyo kila punje ni saa. Mapango yaliyo juu kabisa yalionyesha takriban miaka milioni 11, na Ukumbi Mkubwa takriban milioni 4. Kadiri milima ilivyoinuka na maji ya ardhini yalivyoshuka, ndivyo asidi ilivyochonga ghorofa mpya chini ya ile ya zamani.

Pumzi

Si mbali na Carlsbad palikuwa na shimo dogo lililoitwa Lechuguilla. Kwa miaka mingi lilijulikana kuwa na kina cha mita 27 tu, sakafu yake imejaa vifusi. Ila lilikuwa na jambo moja la ajabu: upepo ulivuma kutoka chini ya mawe, mahali pasipo na njia.

Maelezo yake ni rahisi. Pango kubwa lenye mlango mdogo ni kama chupa. Kanieneo ya hewa nje ikishuka, hewa iliyo ndani husukumwa nje. Kanieneo ikipanda, hewa huvutwa ndani. Ukumbi ulio ndani ukiwa mkubwa na mlango ukiwa mwembamba, upepo huwa mkali. Kwa hiyo mtu aliyesimama juu ya vifusi vile na kuhisi upepo usoni alikuwa akipewa kipimo cha ukumbi asiouona. Mwaka 1986 wapenda mapango kutoka Colorado walipata kibali, wakachimba vifusi, wakapenya. Tangu hapo zimepimwa zaidi ya kilomita 240 za njia, na kina kimefika takriban mita 489.

Habari kama hiyo ilitokea Arizona, katika milima ya Whetstone iliyo kwenye nchi ya kale ya Wachiricahua. Mwaka 1974 Gary Tenen na Randy Tufts walihisi hewa ya joto na unyevu, yenye harufu ya kinyesi cha popo, ikitoka kwenye ufa mwembamba. Walipojipenyeza ndani wakakuta pango lililo hai, mawe yake bado yanadondoka na kukua. Waliificha siri hiyo kwa miaka 14 wakihofia waharibifu, hadi serikali ya jimbo ilipokuwa tayari kulilinda. Leo pango hilo linaitwa Kartchner, na wageni huingia kupitia milango iliyotengenezwa ili unyevu wa ndani usipotee.

Mlima unaovuta na kutoa hewa, wenye joto lake, wenye kumbi zisizo na mlango unaoonekana: huo ni mlima halisi wa nchi ya Waapache. Aliyeishi hapo vizazi kwa vizazi, akapita kwenye ufa ule wakati wa baridi na kuhisi joto likimgusa shavu, hakuhitaji kuambiwa kwamba ndani mna kitu.

Waliotoka chini

Waapache si kabila moja lenye simulizi moja. Wamescalero na Wachiricahua huanza zaidi na Mwanamke Aliyepakwa Rangi Nyeupe na mwanawe, Mtoto wa Maji, aliyeua madubwana. Wajicarilla wa kaskazini mwa New Mexico ndio wanaosimulia kwa urefu jinsi binadamu alivyotoka chini ya ardhi. James Mooney alichapisha simulizi hiyo mwaka 1898, na Morris Opler akachapisha mkusanyo mkubwa mwaka 1938.

Hapo mwanzo, husema, wote waliishi chini, watu na wanyama, wakizungumza lugha moja. Mlima ukakuzwa ili uwafikishe kwenye tundu la juu, lakini ukaacha kukua kabla ya kufika. Nyati wakatoa pembe zao zilizonyooka ziwe ngazi. Watu walipopanda, pembe zikapinda kwa uzito wao, na ndiyo maana za nyati zimepinda hadi leo. Nyuma wakabaki wazee wawili, mume na mke, na waliopanda wakaambiwa kwamba siku moja watarudi kwao. Katika simulizi hii tumbo la ardhi ni kwetu tulikotoka na kwetu tutakakorejea.

Na lipo pango moja lililotunza nyayo za safari nyingine. Lugha za Kiapache ni za jamii ya Kiathabaska, ambayo ndugu zake wengi wako Kanada na Alaska, maelfu ya kilomita kaskazini. Mababu walishuka vipi? Katika mapango ya Promontory, kando ya Ziwa Kuu la Chumvi huko Utah, Julian Steward alifukua mwanzoni mwa miaka ya 1930 mamia ya viatu vya ngozi vilivyohifadhiwa na ukavu wa pango. Mshono wake ni wa watu wa kaskazini ya mbali. John Ives na wenzake walipovipima kwa kaboni, wakapata kwamba watu hao waliishi hapo katika karne ya 13, na wanaakiolojia wengi sasa wanawaona kuwa jamaa wa mababu wa Waapache na Wanavajo. Vingi kati ya viatu hivyo ni vya watoto.

Adabu ya kuingia

Opler alikaa na Wachiricahua na Wamescalero katika miaka ya 1930, akaandika simulizi za watu waliopata nguvu za uganga ndani ya milima. Njia za simulizi hizo hufanana. Mtu huitwa. Huingia kwenye ufa, akakutana na walinzi: nyoka, dubu, simba wa milimani, miamba inayofunga na kufungua kama meno. Anayekwenda kwa nia njema hupita. Ndani hupewa sala na wimbo, na masharti ya kuvitumia.

Waapache wa Magharibi, wanaowaita watu wa mlimani Gaan, huvirudisha baadhi ya vifaa vya ngoma pangoni baada ya kutumika, vikapumzike iliko asili yake. Wakusanyaji wa zamani walivichukua vingi wakavipeleka kwenye majumba ya makumbusho. Baada ya sheria ya mwaka 1990 ya kurejesha vitu vitakatifu vya wenyeji wa Marekani, baadhi vimerudi nyumbani.

Sayansi imefikia masharti yake kwa njia ya viumbe wadogo. Mwaka 2012 timu ya Hazel Barton na Gerard Wright ilitoa habari za bakteria kutoka sehemu za Lechuguilla zilizotengwa na uso wa dunia kwa zaidi ya miaka milioni 4. Bakteria hao hawajawahi kukutana na dawa ya hospitali, lakini baadhi yao walihimili dawa hadi 14 za kuua bakteria. Usugu, basi, ni silaha ya kale kuliko binadamu, na kuelewa kazi yake kunaweza kutusaidia hospitalini. Elimu hiyo ingepotea kama pango lingejaa nyayo na jasho letu. Ndiyo sababu Lechuguilla haina watalii. Wanaoingia ni wachache, kwa kibali, na masharti juu yao.

Hazina na mahandaki

Wageni walipozisikia simulizi hizi, wengi walisikia jambo moja tu: kuna kitu kimefichwa. Milima ya Superstition huko Arizona ikawa nchi ya dhahabu iliyopotea. Katika milima kadhaa watalii huonyeshwa pango ambalo Geronimo aliingia, askari wakalinda mlango, naye akatokea kwingine. Geronimo wa kweli alijisalimisha mwaka 1886 na akafa mwaka 1909 huko Fort Sill akiwa bado mfungwa wa vita. Tangu miaka ya 1980 umevuma pia uvumi kwamba chini ya Dulce, makao ya Wajicarilla, kuna ngome ya siri ya viumbe kutoka anga. Hakuna ushahidi wowote.

Kilichofanyika kweli chini ya ardhi ile kimeandikwa. Tarehe 10 Desemba 1967, takriban kilomita 34 kutoka Dulce, serikali ya Marekani ililipua bomu la nyuklia la kilotani 29 kwenye kina cha karibu mita 1,290. Nia ilikuwa kupasua mwamba ili utoe gesi asilia. Gesi ilitoka, nayo ilikuwa na mionzi.

Mwamba utakaoanguka

Sayansi nayo ina deni. Mlima Graham, ambao Waapache wa San Carlos wanauita Dzil Nchaa Si'an, ni makao ya Gaan. Mwaka 1988 Bunge la Marekani liliruhusu darubini kubwa zijengwe kileleni, na wazee waliopinga hawakusikilizwa.

Sasa macho yako Oak Flat, mashariki ya Phoenix, Chi'chil Bildagoteel kwa lugha ya wenyewe, mahali pa unyago na makao ya Gaan. Chini yake, takriban kilomita 2, kuna shaba nyingi, na dunia inaitaka kwa nyaya na magari ya umeme. Eneo hilo lililindwa dhidi ya uchimbaji tangu mwaka 1955, lakini sheria ya Desemba 2014 iliagiza likabidhiwe kwa wachimbaji. Mbinu iliyochaguliwa ni kulichimba tabaka la shaba kutoka chini na kuuacha mwamba wa juu uanguke kwa uzito wake. Makadirio ya serikali yenyewe ni kwamba ardhi itadidimia na kuacha shimo lenye upana wa karibu kilomita 3 na kina cha zaidi ya mita 200. Mei 2025 Mahakama ya Juu ilikataa kusikiliza rufaa ya Waapache.

Shaba ina kazi, na mimi ninaitumia kama wewe. Lakini Tenen na Tufts waliuhisi mwamba ukipumua, wakanyamaza miaka 14 ili usidhurike. Wamescalero waliukuta mwamba umefunguka kwa vijana wawili wasio na msaada, wakaulipa kwa ngoma inayochezwa kila Julai hadi leo. Wote waliuacha mlango ukiwa mzima, na atakayefika baadaye atapata pa kubisha.